Usiilaumu Giaboksi

Gari la mbio likikwama katikati ya kona, watu huwa na mtuhumiwa wao tayari, na likiwa la otomatiki kesi huisha kabla shahidi wa kwanza hajaitwa. "Tulisema sisi," atasema mmoja, na wenzake watatikisa vichwa kwa ile huzuni ya watu wanaofurahi. Giaboksi itashushwa, itafunguliwa mezani, sahani za klachi zitakutwa nyeusi kwa kuungua, na hukumu itasomwa hapohapo: otomatiki ni ya kwendea harusini, mbio ziachiwe gia ya mkono. Mimi nasimama upande wa mshtakiwa. Ninachodai ni kwamba katika giaboksi otomatiki inayobadilishwa kwa umeme, hasa ile iliyojengwa nyumbani na mtu ambaye mchana ana ajira nyingine, vyuma huwa vya mwisho kukosa. Kabla yake kuna waya wenye bei ndogo kuliko soda, kuna mafuta yaliyokwenda mahali yasipotakiwa, na kuna mjenzi mwenyewe, ambaye ameipenda kompyuta hata akasahau kwamba kompyuta haizungushi tairi. Zile sahani nyeusi ni maiti, na kesi ya mauaji haijawahi kumhukumu maiti.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue giaboksi moja inayopendwa na wajenzi wa magari ya mbio huko Marekani: 4L80E ya General Motors. Ilianza kufungwa kwenye pikapu na magari ya mizigo ya mwaka 1991, lakini nasaba yake ni ya zamani zaidi. Ni ile Turbo-Hydramatic 400 ya mwaka 1964, iliyoongezewa gia ya nne na kukabidhiwa kwa kompyuta. Uzito wake unazidi kilo 100, kwa hiyo anayejaribu kuipakata peke yake anakuwa ameamua jambo zito kuhusu mgongo wake. Gia ya kwanza ina uwiano wa 2.48, ya pili 1.48, ya tatu 1.00 na ya nne 0.75. Ilizaliwa kuvuta tela, haijui kudeka, na kwenye yadi za magari chakavu hupatikana bila mtu kuuza shamba. Mwenye injini kubwa ya V8 na busara ya wastani akiiona, huanza kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi mno, na balaa linaanzia hapo. Ndani ya giaboksi hiyo kuna solenoidi mbili za kubadilishia gia, yaani sumaku ndogo za umeme zinazofungua na kufunga njia za mafuta. Tuziite A na B, kama walivyoziita wenyewe. Ukiwasha A na kuzima B unapata gia ya kwanza. Ukizima zote mbili, ya pili. Ukiwasha B peke yake, ya tatu. Ukiwasha zote mbili, ya nne. Basi. Kuna nyingine ya kupandisha na kushusha presha ya mafuta, na nyingine ya kufunga torki konvata ili injini na giaboksi zizunguke pamoja bila kuteleza, lakini gia zote nne zimetoka kwenye swichi mbili. Mtoto aliyewahi kuchezea swichi za sebuleni hadi akachapwa ana elimu yote inayohitajika. Mjenzi analitambua hilo. Anakumbuka kwamba kuna kibao cha kompyuta kiitwacho Arduino, kilichobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005 ili wanafunzi wa usanifu waweze kuwasha vitaa bila kusomea uhandisi, na anajiambia kimoyomoyo: kumbe ni vitaa viwili tu? Kuanzia usiku huo mkewe anaangalia tamthilia peke yake.

Ukitaka kujua mtu anapenda nini, tazama saa zake zinapoishia. Mjenzi wa namna hii hutumia majuma mazima kuchagua rangi ya namba ya gia kwenye skrini, kijani kwa ya kwanza na nyekundu kwa ya nne, pamoja na mshale unaorukaruka kila gia inapobadilika. Ataweka ukurasa wa joto la mafuta kwa vipimo viwili, cha Selsiasi na cha Farenhaiti, asije mgeni akapata shida. Kisha, usiku wa kuamkia mbio, waya wa hasi wa kompyuta yote hiyo ataufunga kwa bolti moja kwenye bodi ya gari, juu ya rangi, kwa sababu kukwangua rangi kunaharibu sura ya kazi. Rangi haipitishi umeme. Bolti itapitisha kidogo kwa kupitia nyuzi zake, leo ikitaka na kesho ikinuna, na umeme uliokosa njia pana ya kurudi betri utajitafutia vichochoro: waya wa sensa, ganda la kebo ya eksileta, chochote cha chuma kinachogusa chuma. Kila sensa inayoshirikiana na kichochoro hicho itaanza kusema uongo, nao ni uongo wa hatari kwa kuwa hauendi mbali sana na ukweli. Kompyuta itaambiwa dereva amekanyaga robo ilhali amekanyaga nusu, itashusha presha ya mafuta ipasavyo, sahani za klachi zitabanwa kinyonge huku zikisukumwa na V8 nzima, zitateleza, zitaungua. Halafu tunarudi mezani kutazama sahani nyeusi na kutoa hotuba kuhusu otomatiki.

Sensa ya kasi inastahili aya yake, maana katika visa hivi ndiyo yenye vituko kuliko zote. Ni koili na sumaku tu; gurudumu la chuma lenye meno linapita mbele yake, na kila jino linazalisha umeme kiduchu unaopanda na kushuka. Kompyuta inahesabu meno. Gari likienda polepole, umeme huo ni mnong'ono. Sasa jirani yake ndani ya boneti ni nyaya za plagi, ambazo zinabeba volti maelfu kwa makumi ili cheche iruke. Mjenzi akiupitisha waya wa sensa sambamba na nyaya hizo, na sababu yake huwa kwamba pale palikuwa na klipu iliyo wazi, kila cheche itasikika kwenye kompyuta kama msururu wa meno. Gari limeegeshwa, injini inanguruma taratibu, na kompyuta inasadiki kwamba linakwenda kilomita 240 kwa saa. Kwa utiifu kamili itafanya lililo sahihi kwa gari la kasi hiyo, nalo ni kuweka gia ya nne. Taa ya kuanzia mbio inawaka, dereva anakanyaga hadi sakafuni, na gari linaondoka kwa staha ya maharusi. Anayetazama kutoka jukwaani ataapa kwamba giaboksi imekufa, wakati giaboksi imefanya kila ilichoambiwa bila kuuliza swali. Dawa ni nyaya mbili zilizosokotana, ganda la kinga juu yake, na kupita upande wa pili wa injini. Hakuna ushairi katika dawa hiyo, na pengine ndiyo maana huachwa mwishoni.

Halafu kuna dayodi. Solenoidi ni koili, na koili ina tabia ya kukataa kuachishwa kazi ghafla: ukiikatia umeme, inarudisha kishindo cha volti kinyumenyume kuelekea kwa aliyeikatia. Aliyeikatia ni transista ndogo kwenye kibao cha kompyuta, isiyo na kosa wala kinga. Dayodi moja iliyofungwa mahali pake huipa hasira hiyo njia ya kuzunguka hadi ipoe, na bei yake haifai hata kuombewa risiti. Asiyeiweka atafurahi kwa muda, gia zikipanda na kushuka vizuri gerejini mbele ya wageni. Kisha transista itaungua, na transista zikiungua mara nyingi hubaki zikipitisha umeme, hazikati tena. Ikiwa iliyoungua ni ya solenoidi A, rudi kwenye ile orodha ya swichi uone kinachobaki: A imewaka daima, kwa hiyo B ikizimwa ni gia ya kwanza, B ikiwashwa ni gia ya nne. Gari lina gia mbili, ya kupandia ukuta na ya kusafiria, na katikati hakuna kitu. Fundi yeyote atakayesimuliwa dalili hizo bila kuonyeshwa kibao atashusha giaboksi, nami simlaumu.

Anayedhani kwamba hizi ni aibu za gereji za uani aiangalie Ferrari. Mwaka 1989 mhandisi John Barnard aliingiza katika Formula 1 gari la Ferrari 640, ambalo dereva alibadilisha gia kwa vidole, kwa vipande viwili nyuma ya usukani, na kazi ya kusukuma gia ikafanywa na hidroli inayoamriwa kwa umeme. Hiyo haikuwa otomatiki, maana dereva ndiye aliyeamua, lakini njia ya amri ilikuwa ileile ya waya na vali. Kwenye majaribio gari lilikuwa haliwezi kwenda mwendo mrefu bila kuzimika, na inasimuliwa kwamba Nigel Mansell alifika mbio za kwanza huko Brazil akiwa tayari amejiwekea nafasi kwenye ndege ya mapema ya kurudi kwao. Akashinda, tena katikati ya mbio aliingia kubadilishiwa usukani uliokuwa umelegea. Baada ya hapo hakumaliza San Marino, hakumaliza Monaco, hakumaliza Mexico, hakumaliza Marekani, na Canada akaondolewa mashindanoni; jina lake lilirudi kwenye matokeo mwezi Julai, Ufaransa, aliposhika nafasi ya pili. Wakati wote huo lawama zilikuwa za giaboksi mpya. Walipochimba, sehemu kubwa ya mkosi ilikutwa mbali nayo: mtetemo wa sehemu ya mbele ya injini ile ya V12 ulikuwa unaurusha mkanda wa altaneta, altaneta inasimama, betri inashuka, na vali za umeme zinabaki hazina nguvu ya kutimiza amri. Ferrari yenye wahandisi wake, fedha zake na sala za Italia nzima ilikuwa inaangushwa na mkanda. Sasa fikiria mtu aliyeununua mkanda wake kwa kukisia urefu.

Hapa msomaji wa gia ya mkono amekwisha kuinua kidole, na namwona. Anasema: kama umeme una fitina kiasi hicho, si mtu atie klachi mguuni na fimbo mkononi, yaishe? Pingamizi hilo lina nguvu kuliko linavyopewa, lakini limechanganya mambo mawili, yaani umeme na otomatiki. Otomatiki yenyewe ilishajitetea zamani bila kompyuta. Mwaka 1965 Jim Hall wa Midland, Texas, pamoja na mwenzake Hap Sharp, walishinda mbio za Saa 12 za Sebring kwa gari lao la Chaparral lenye torki konvata badala ya klachi ya kawaida, siku ambayo mvua iligeuza kiwanja kuwa bwawa na magari yakawa yanapapasa njia. Mwaka uliofuata Hall aliutumia mguu wa kushoto, uliokosa ajira baada ya klachi kuondolewa, kukanyagia pedali ya kulaza bawa kubwa lililosimama juu ya Chaparral 2E. Mtu wa gia ya mkono hana mguu wa ziada wa kufanyia uvumbuzi.

Na kama Texas ni mbali, Safari Rally haiko mbali. Mwaka 1979, nyuma ya Shekhar Mehta na Datsun yake, aliyeshika nafasi ya pili alikuwa Hannu Mikkola katika Mercedes-Benz 450 SLC 5.0, jumba la gari lenye otomatiki ya gia tatu, lililopita kwenye matope na makorongo ya Kenya yaliyokuwa yamekwisha kumeza magari mengi yenye fimbo za kishujaa. Desemba ya mwaka huohuo Mikkola alishinda Bandama huko Ivory Coast, na nafasi nne za kwanza zote zikachukuliwa na Mercedes za namna hiyo. Siku hizi hoja imekufa kabisa: BMW M235i Racing ya mwaka 2014 iliuzwa kwa wateja wa mbio ikiwa na otomatiki ya ZF ya gia nane, jamii ileile inayobeba mabosi mjini. Formula 1 nayo iliruhusu gia zijibadilishe zenyewe baada ya msimu wa 2001 kuanza, kisha ikapiga marufuku kuanzia 2004 ili dereva abaki na kazi ya kufanya. Kitu kibovu hakihitaji kupigwa marufuku, kinajiondoa chenyewe.

Akishindwa hapo, mpinzani huja na la pili: otomatiki inakula nguvu ya injini. Hili ni kweli, na wajenzi wanaolikana ndio wanaonitia wasiwasi. Torki konvata ni mapangaboi mawili yanayotazamana ndani ya mafuta; moja linasukumwa na injini, linasukuma mafuta, mafuta yanasukuma la pili. Likizunguka la kwanza kwa kasi kuliko la pili, tofauti hiyo haipotei hewani, inageuka joto. Tuseme injini inatoa kilowati 300 na konvata inateleza kiasi cha kupoteza asilimia kumi: hizo ni kilowati 30, sawa na birika kumi na tano za umeme zinazochemka kwa pamoja ndani ya sampo, yaani beseni la mafuta la giaboksi, zote zikitumia mafuta yaleyale yanayotakiwa pia kubana sahani za klachi. Mafundi wa Marekani wana kanuni ya makadirio kwamba, ukishavuka nyuzi 80 hivi za Selsiasi, kila nyuzi 11 zinazoongezeka zinapunguza umri wa mafuta kwa nusu. Hata ukiikata kanuni hiyo robo kwa ajili ya chumvi, hesabu inabaki mbaya. Na bado kuna wanaoacha mafuta hayo yapoozwe na kibomba kidogo kilichomo ndani ya rejeta ya injini, yaani wanaomba ubaridi kwa maji ambayo yenyewe yana nyuzi 90. Rejeta ya pekee ya giaboksi, yenye feni, ndiyo kifaa cha kwanza kununuliwa. Huwa cha mwisho, baada ya skrini, na hufungwa nyuma ya namba ya gari mahali ambapo upepo haujawahi kufika.

Joto lina mwenzake ambaye hatajwi sana: kona. Barabarani mafuta hukaa kwenye sampo kwa amani, na mdomo wa pampu uko chini ukinywa. Gari la mbio likikata kona kwa nguvu ya pembeni inayolingana na uzito wake, jambo la kawaida kwa tairi nzuri, uso wa mafuta hauwi tena bapa. Unasimama mshazari wa nyuzi 45 na mafuta yanapanda ukuta wa upande mmoja. Mdomo wa pampu, kama haukufikiriwa, unabaki juu hewani. Pampu inanyonya hewa, hewa inabonyea, presha inaanguka, sahani zinaachia kwa nusu sekunde, injini inalia juu kana kwamba gari liko frii, kisha mafuta yanarudi na sahani zinabana kwa kishindo. Fanya hivyo kwenye kila kona ya kulia kwa mchana mmoja, halafu nenda kafungue giaboksi. Mjenzi aliyesikia habari hizi nusunusu huamua kuongeza mafuta hadi juu kabisa, na hapo anabadilisha msiba kwa msiba: vyuma vinavyozunguka vinayafikia mafuta, vinayachapa hadi yanakuwa povu, povu linatokea kwenye kitundu cha kupumulia, na chini ya kitundu hicho, kwa mpangilio ambao nashindwa kuuita bahati mbaya, hupita ekzosi. Sampo pana yenye vizuizi ndani, na kiwango kilichopimwa mafuta yakiwa ya moto, vingetosha. Lakini kizuizi cha bati ndani ya sampo hakipigwi picha.

Sijasema programu haina makosa. Nimesema si mahali pa kuanzia. Makosa yake nayo, ukiyachunguza, mara nyingi ni ya mtu aliyesahau dunia ilivyo. Otomatiki ya barabarani huamua gia kwa kutazama mambo mawili, kasi ya gari na kiasi ambacho dereva amekanyaga mafuta. Dereva akiachia mafuta, inadhani ametulia, inapanda gia ili injini ipumzike. Dereva wa mbio anaachia mafuta kwa sababu kinyume kabisa: kona inakuja na roho iko kooni. Ukiiachia kompyuta mantiki ya barabarani, itapandisha gia wakati ambapo angehitaji kushusha, na itashusha katikati ya kona wakati tairi hazina hata chembe ya nafasi ya kushangazwa. Mwingine ataandika kwamba gia ya tatu iingie ikifika kilomita 90 kwa saa, na ya pili irudi ikishuka chini ya 90, kwa sababu namba moja ni rahisi kukumbuka. Gari likiwa hapohapo kwenye 90, giaboksi inaanza kupanda na kushuka bila kituo, ya tatu, ya pili, ya tatu, ya pili, hadi abiria aombe kushuka. Ilitosha kuandika 90 ya kupanda na 70 ya kushuka. Na yupo aliyeweka swichi mbili nyuma ya usukani bila kujua kwamba swichi ya chuma ikibonyezwa mara moja hudundadunda na kugusa mara kadhaa ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Dereva amebonyeza mara moja. Kompyuta imehesabu tatu. Kutoka ya nne hadi ya kwanza, injini iliyokuwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika inaitwa ifike 19,840. Injini za V8 za Formula 1 ziligusa 20,000 mwaka 2006, lakini hazikutoka kwenye pikapu. Mistari michache ya kusubiri swichi itulie, na mingine ya kukataa amri inayovuka uwezo wa injini, ina thamani kuliko skrini yote, na inaandikika kwa jioni moja.

Linabaki pingamizi la maana kuliko yote, na huletwa na watu wenye mvi. Wanasema: sawa, otomatiki haina kosa, waya ndio wenye kosa, basi toa waya. Chukua ile 400 ya mwaka 1964 isiyo na kompyuta, weka bodi ya vali ya kubadilishia kwa mkono, nenda zako. Nakiri kwamba kwa mbio za mstari mnyoofu wamesema kweli; huko Powerglide ya gia mbili, iliyoanza mwaka 1950, bado inafanya kazi na haijawahi kuuliza volti. Kwenye kiwanja chenye kona mambo ni tofauti. Giaboksi isiyo na umeme hujua kasi kwa vipande vya uzito vinavyotawanyika vikizungushwa, na kubadilisha mahali gia inapoingia ni kufungua, kutoa springi, kuweka nyingine, kufunga, kujaribu, kufungua tena. Ya umeme unaibadilisha ukiwa umekaa. Inaweza kupandisha presha mafuta yakipata joto, kufunga konvata kwenye mnyoofu mrefu ili birika zile zizimwe, na kukataa upuuzi wa mguu na kidole. Zaidi ya yote inaweza kuandika kumbukumbu ya kila kilichotokea, presha iliyoamriwa, kasi iliyosikika, gia iliyoingia, ili siku ya kesi pawepo ushahidi badala ya watu wa "tulisema sisi". Kuna pia wanaosema tununue kompyuta iliyokamilika dukani. Sawa, zipo, ni nzuri, na dayodi wameshaweka. Lakini kifurushi hicho hakiji na mtu wa kukwangua rangi chini ya bolti yako, wala wa kuuhamisha waya wako kutoka kwenye ile klipu.

Walioibuni 4L80E walijua kabla yetu sote kwamba umeme ndio hukosa kwanza. Kumbuka kwamba solenoidi zote mbili zikizimwa unapata gia ya pili. Hilo halikutokea kwa bahati. Kompyuta ikifa, waya ukikatika, betri ikianguka, giaboksi inabaki kwenye ya pili, na ile vali ya presha, inayoshusha presha kwa kupewa umeme, ikinyimwa umeme inaipandisha hadi kileleni ili sahani zisiteleze. Rivasi inategemea fimbo na mafuta, haihitaji ruhusa ya kompyuta. Wahandisi wale waliitengeneza kwa ajili ya gari la mizigo wakijua kwamba ipo siku litakuwa porini, usiku, waya umetafunwa na panya. Kwa hiyo kipimo ninachompa mjenzi ni kimoja: siku ya majaribio, akiwa ncha ya mbali ya kiwanja, aegeshe gari, achomoe plagi kubwa ya giaboksi kwa mkono wake mwenyewe, awashe, na arudi. Gari likirudi kwa gia ya pili, likinguruma na kusuasua mbele ya watu, vyuma ni vizima na mafuta yapo, na lolote litakaloharibika baadaye atalitafuta kwenye nyaya zake bila kushusha kilo 100. Lisiporudi, angalau imejulikana mapema, na la kulivuta si tabu kulipata. Pikapu itakayotumwa kulifuata, ikiwa ni ya General Motors ya miaka ile, huenda ina giaboksi hiyohiyo chini yake, imekwisha kuvuta matela tangu mwenye gari la mbio akiwa shule ya msingi, na haijui gia ya nne ni ya rangi gani.